Vidonge vya Kakai

Nilikuwa natafuta pini ya kufungia leso,
si kitu kingine. Nikavuta droo ya mke wa mwanangu
na pale, chini ya risiti ya sola na kitana,
nikakiona: kidonge changu.

Nakijua. Cha manjano, cha mviringo,
kama punje ya mahindi iliyodumaa.
Mwaka wa tatu huu nakimeza alfajiri
kwa chai ya rangi, kabla redio haijasoma vifo.
Mulago walinikata titi la kushoto.
Nyumbani nilisema nimetolewa jipu.
Uvimbe ulikuwa unakunywa homoni ya kike, alisema daktari,
hiki kitauachisha kunyonya.
Nilicheka peke yangu kitandani.
Kuachisha kunyonya, na titi lenyewe liko wapi?

Sasa Kakai pia.
Miaka ishirini na tisa.
Nilikaa juu ya kitanda chao, droo imenitolea ulimi,
yakanirudia maneno yangu yote:
yale ya sokoni, niliyoyasema makusudi asikie,
kwamba mgomba usiozaa ni kivuli tu;
yale ya Pasaka, nilipompakatisha mtoto wa jirani,
nikasema, haya, jizoeze.

Juma hilo lote nilimpikia mimi.
Malewa ya karanga. Supu ya kongoro.
Dumu la maji nikamnyang'anya njiani,
jembe lake nikalificha nyuma ya banda la mbuzi.
Wepukhulu akaniuliza, "Mama, umeota nini?"
Usiku, joto liliponiamsha nimelowa shingo na mgongo,
nilisikiliza ukutani kama naye anageukageuka,
kama vifundo vya vidole vyake navyo vinauma.

Siku ya saba nikashindwa.
Tulikuwa tunachambua kahawa mbivu, Wanale imejifunika ukungu.
"Ni upande gani?"
"Upande wa nini, mama?"
Nikagusa kifua changu, pale ninapojaza soksi.

Hakulia. Alinitazama muda mrefu,
vidole vyake vinanata utomvu.
"Mimi nameza siku tano tu, mama.
Kila mwezi, kuanzia siku ya tatu ya damu.
Ni vya kutafuta mtoto."

Kidonge kilekile?

"Kilekile."

Akanieleza, akichora kwa ukucha juu ya gunia:
homoni ikishuka, kichwa kinashtuka,
kinadhani nyumba nzima imelala, kinapaza sauti,
na yai lililokuwa linasinzia linaitika.
Jikoni kukinyamaza ghafla, nikasema,
mwenye nyumba hutoka kuangalia.
"Ndiyo, mama. Kama hivyo."

Nikamfikiria yule kijana wa duka la dawa,
anayevikata kwa mkasi uleule,
vyangu thelathini, vyake vitano,
anafunga, anarudisha chenji, anasinzia.

"Miezi mingapi sasa?"
"Huu wa nne."
"Na hukuniambia."
Akaokota punje iliyotobolewa na mdudu, akaitupa kwa kuku.
"Mama, wewe hiyo soksi umeificha miaka mitatu.
Na mimi ndiye ninayefua."

Kuku akaila ile punje, akaitema.

Samahani sikuisema. Mdomo wangu
haujazoea njia hiyo.
Ila tarehe zake nimeziandika nyuma ya kalenda ya SACCO,
kwa penseli, Wepukhulu asizione,
na zile siku tano tunavimeza pamoja,
kikombe kimoja cha chai, yeye kwanza,
kisha mimi, nikigusa mdomo pale alipoacha yeye.

Jumanne damu imekuja tena.
Hakusema. Nilimwona akitoka chooni,
akapita mbele yangu, akachukua ufagio,
akafagia ua niliokuwa nimeufagia asubuhi.
Nikamwacha afagie.
Nimehesabu: keshokutwa, Alhamisi.
Sukari nimekwisha nunua.