Saa Moja Kasoro, Labote

Siku sita za juma napiga nyuso
mbele ya shuka jeupe, karibu na ofisi ya komini:
usicheke, funga mdomo, tazama hapa,
nne kwa karatasi moja, mkasi, mwingine aje.
Siku ya saba sina mteja ila ukungu.

Ukungu wa Bukavu hauji, unaamka.
Unanyanyuka ziwani kama mvuke wa sufuria iliyosahauliwa,
unapanda ngazi za Kadutu bila kubisha hodi,
unaanika nguo zake kwenye nyaya za umeme
ambazo leo pia hazina umeme.
Taa za wavua sambaza zinarudi nyumbani,
kila moja na kofia yake ya njano.
Hizo nimezipiga mara nyingi. Hutoka kama yai bovu.

Maana kamera haina imani.
Ikiona weupe mtupu hudhani imedanganywa,
inautia majivu. Lazima uibishie,
uiongezee mwanga hatua moja, hatua na nusu,
na lenzi uizungushe kwa mkono wako,
la sivyo itahangaika mbele, nyuma, mbele,
kuku asiyeliona banda lake.

Leo nimesimama mgongoni mwa Labote,
jua la upande wa Rwanda linanichoma kisogo.
Ghuba imejaa hadi ukingoni.
Bagira haipo.
Ukaja kwanza upinde, mnene, mweupe,
upinde wa mvua uliofuliwa
hadi rangi zote zikaenda na maji.
Nikapiga tatu.
Ndipo nikamwona mtu ndani yake,
miguu mirefu kama barabara, amesimama hewani,
kichwa kimezungushiwa pete:
nyekundu nje, buluu ndani,
na ndani zaidi, kwa mbali, nyekundu tena.
Nikainua mkono. Akainua.

"Nani yule amebeba gunia na taa kichwani?"
Nyuma yangu, mama wa makala,
ukanda wa mzigo umemchimbia mfereji kwenye paji.
Mama, nikasema, taa ile ni yangu.
"Yako? Wewe nakuona hapo ubavuni, kivuli kikavu.
Taa iko kwangu."
Tukagombana pale, watu wazima wawili,
kama wanaogombea kiti kimoja,
hadi nikanyamaza, nikafahamu:
kila jicho linapewa pete yake
na la jirani halionyeshwi.

Nikapiga, nikampa kioo cha kamera atazame.
Pete kwangu. Yeye, gunia na giza.
Akasema neno kwa Mashi, fupi,
kisha kwa Kiswahili, ili nami linipate:
"Hata mwanga ni wa wenye mashine."

Jua lilikuwa limeshaanza kuula ukungu pembeni.
Nikavua mkanda shingoni, nikamshikisha.
Hapa. Bonyeza. Usipumue.
Hakutua mzigo. Aliinama kidogo, akaniweka kando kwa kiwiko
kama mtu anayeingia jikoni kwake,
akabonyeza mara moja tu.

Picha imelala upande. Theluthi nzima ni ukanda wa kamera.
Lakini yumo, na gunia lake lote,
na pete imelizunguka paji lile lenye mfereji,
na mimi niko pembeni, kivuli kikavu.

"Andika M'Birindwa," akasema. "Usiandike muuza makala."
Akateremka kwenye nyumba za mageti
kuuliza nani anapika leo.

Nimeitundika kibandani, katikati ya nyuso za karte.
Watu wakingoja mkasi huniuliza:
huyu mtakatifu wa parokia gani?
Nakala yake iko kwenye bahasha, haina deni.
Hajapita bado.
Kitufe cha kamera kina alama nyeusi ya kidole.
Kitambaa cha kufutia ninacho, kiko mfukoni.