Tumbo la b

Tulimpa Bi Ndeshi stoo ya majembe na mifagio,
maana ofisini kwa mwalimu mkuu wazazi walikuwa wanabishania michango.
Meza moja, viti vitatu, dirisha la nondo.
Akapanga kadi zake, penseli, saa ya mkononi.
Nikamletea Kondo.

Kwanza masikio. Akasimama nyuma yake,
tayari kunong'ona. Lakini hapa Vingunguti
kunong'ona kunafuata ratiba ya uwanja wa ndege.
Tukasubiri moja ishuke, bati liache kutetemeka.
Ndizi, akanong'ona. Saba. Mlango.
Ndizi, Kondo akajibu. Saba. Mlango.
Kisha macho, kadi ukutani, hatua sita:
macho ya mwewe.

Si nilijua, nikajisemea. Uvivu tu.
Nilishaandika hivyo kwa kalamu nyekundu, mihula mitatu,
na mwandiko wangu watu huusifu.

"Nisomee." Akamfungulia kitabu chetu,
na Kondo akasoma habari za sungura na kisima,
kidole kikitembea chini ya mistari,
sauti ikipanda penye kiulizo,
hakukwama hata mara moja.
Ukurasa uliokuwa wazi ulihusu usafi wa meno.

Darasani kwangu wako mia na kumi na wawili.
Husoma kwa pamoja, kama mvua juu ya bati.
Nani angesikia, katika mvua hiyo,
tone moja linaloiga mengine?

Bi Ndeshi hakusema kitu. Akatoa maneno yasiyokuwapo duniani:
fido,
temu,
kabasu.
Maneno ambayo hakuna aliyekutangulia kuyasema.
"Hili lina maana gani?"
"Halina. Lisome tu."
Jasho puani. Mguu ukaanza kupiga sakafu.
Ndege nyingine ikapita,
na safari hii nadhani aliishukuru.

Hapo nikakumbuka daftari la mwezi wa tatu:
*Dada anafanya kazi bandarini. Dada ana ndevu.*
Nililisoma mbele ya darasa.
Tulicheka mpaka kengele.
Kumbe ni tumbo la herufi tu,
kulia au kushoto mwa kijiti chake,
na mimi nikauchapa mkono ulioandika.

Mama yake alifika saa saba, akitokea machinjioni,
beseni la utumbo akaliacha nje, kalifunika kwa mfuko.
"Ni akili?"
"Hapana."
"Ni mkono wa mtu?"
"Hapana, mama."
"Basi ipo sindano?"
Bi Ndeshi akaeleza polepole, kwa vidole, kwa kadi,
kwamba mtoto anaelewa, ila njia ya herufi kwake ina makorongo,
inatakiwa kupitwa taratibu, na mtu wa kumshika.
Mama akawa anaikunja pindo ya khanga, anaikunjua.
"Mimi niliacha la nne," akasema.
"Zilikuwa hazitulii. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Nikauliza, na nilikuwa najitetea:
mbona hukuja? Ripoti si nilituma?
"Kondo ndiye aliyenisomea.
Alisema umeandika: anajitahidi."

Sijui kama alidanganya
au ndilo neno lililomfikia.

Jioni nimebaki na fomu. Ina safu mbili:
anasoma, hasomi.
Bi Ndeshi ameniachia herufi alizokata kwenye msasa,
Kondo azipapase kila asubuhi kabla ya namba.
Nimeipitisha ya kwanza chini ya kidole changu mwenyewe.
Inakwaruza. Kijiti, halafu tumbo.
Nimerudia, macho nimefumba.

Nje ya safu zote mbili nimeandika kwa penseli: *bado*.
Miaka kumi na tisa ya chaki,
na leo nimesimama kwenye herufi ya kwanza,
nikihakiki upande.