Funguo Arobaini na Moja

Bibi yangu alifua mashuka ya Mwinyi Hetényvári,
mama alipiga deki chini ya picha ya Katibu wa Chama,
mimi, Otília, nimekabidhiwa funguo arobaini na moja,
na mbili kati yake hazijui tena mlango wake.

Bratislava, Mtaa wa Washona Kofia, namba kumi na tisa.
Nyumba njema si mlango, walinena wahenga,
lakini mwinyi huyu alianza na mlango:
mti wa mwaloni, simba wawili wa shaba,
tundu la ufunguo kubwa hata paka hupenyeza mkono.
Kisha ngazi za marumaru. Kisha madeni.
Farasi wake wanane walilala penye joto kuliko wapishi.

Mgeni njoo mwenyeji apone,
husema waliochagua wageni wao.
Majira ya baridi waliingia askari wa Kifaransa,
wakachoma rafu za maktaba,
vitabu wakaviacha chungu sakafuni:
Kilatini, walisema, hakishiki moto.

Mjukuu akacheza karata, ukumbi wa dansi ukawa benki.
Penye wapiga fidla pakachongwa dirisha la mtunza fedha,
na wakulima, kofia mkononi,
wakanong'ona riba pale pale waliponong'ona wapenzi.

Halafu vita, halafu vitanda sitini vya majeruhi.
Bibi alisema damu ilizama katikati ya mbao
wakaipaka nta juu yake.
Kuta zina masikio, sawa.
Sakafu ndiyo iliyokunywa.

Ipo miaka ambayo mama aliiruka kila aliposimulia.
Kibao cha Rozália Glückstal, daktari wa meno, ghorofa ya pili,
kilibanduliwa asubuhi moja.
Matundu ya skrubu yamebaki.
Kila mpangaji amepaka rangi juu,
mimi huyapapasa kwa kidole:
manne.

Chama kilipoitwaa, kanisa dogo la ndani
likawa chumba cha mpira wa meza.
Nilikuwa na miaka tisa, skafu nyekundu shingoni,
na mpira ukinishinda uligonga altare, tik,
huku mtakatifu wa darini akitutazama kwa jicho moja,
jingine likiwa chini ya chokaa.

Sasa yupo mthibitishaji wa hati, ipo kliniki ya ngozi,
Jumamosi ni harusi. Juzi aliolewa binti wa Kivietinamu,
mchele ukamwagika ngazini, nikaufagia hadi saa nane usiku.
Mwaka jana alikuja kitukuu wa mwinyi, kutoka Buenos Aires.
Nilidhani ataomba kuona picha za ukoo.
Akauliza choo kiko wapi.
Nikamwelekeza. Hapo zamani
bibi zake waliungamia dhambi.

Ijumaa nikishafunga kote
huzijaribu zile funguo mbili
penye mlango wowote unaonijia akilini.
Mmoja uliwahi kuingia, kwenye kabati la boila.
Haukugeuka.
Nikautoa polepole, nikaupaka mafuta,
nikaurudisha kwa wenzake.