Kiini

Mama hakuwahi kuvunja yai ili kulijua.
Pale Birere, ndoo chini, chumvi na pilipili
zimefungwa kwa kurasa za daftari langu la hesabu,
yai likimtia shaka alililaza juu ya jiwe la volkano,
akalizungusha kwa vidole viwili,
akaligusa lisimame, akaliachia.
Lililoiva lilitulia.
Bichi lilianza tena kuzunguka, polepole,
maana ute wa ndani ulikuwa haujapata habari.

Leo niko Himbi, saa nane za usiku,
kompyuta imeungwa na betri ya pikipiki,
napika Mshtarii.
Haina ganda. Haina pa kugonga.
Inajizungusha kwa muda usiofika saa kumi
hadi kiuno kimetanuka,
na chombo kinachopita juu yake huvutwa
pungufu kidogo, zaidi kidogo,
tofauti ambayo konokono angeicheka.
Namba hizo ndizo nilizo nazo. Sayari sina.

Naanzia juu: haidrojeni, heliamu.
Nakandamiza. Heliamu inajitenga, inanyesha
mvua isiyolowesha nguo ya mtu.
Nakandamiza tena: haidrojeni inageuka metali,
inapitisha umeme
(huko upo; hapa mtaani umekatika tangu Jumanne).
Katikati naweka jiwe, Dunia kumi zilizobanwa,
duara safi kama la vitabuni.
Hesabu inakataa.
Napunguza. Inakataa.
Naliyeyusha jiwe, nalisambaza
karibu nusu ya njia kuelekea nje,
na hapo ndipo namba zinanyamaza.

Lakini zimelinyamazia pia jibu la pili,
na la arobaini na moja.

Mama anapiga simu alfajiri, akiwasha makala.
"Hilo yai lako, limeiva au bichi?"
Si hili wala lile, Mama. Kiini hakina ukingo,
kimechanganyika na ute.
Kimya. Namsikia akipepea jiko.
"Basi lilitikiswa," anasema, "likiwa changa.
Kuna kitu kililigonga."

Sikumwambia kwamba wapo wenye shahada
waliosema hivyo hivyo, kwa kurasa nyingi zaidi.

Kisha sakafu ikatetemeka, kidogo, kama kawaida yake.
Nikaishika kompyuta kwa mikono miwili,
na upande wa pili wa simu
nikasikia ndoo ikishikwa.