Mwezi wa Kumi na Nne

Leo chapati imekubali kugeuka.
Miezi mitatu ilikuwa ikigeuka nusu, ikisimama wima hewani,
ikinionyesha tumbo jeupe
lisiloiva hata ukiliwekea moto wa jehanamu.
Kosa lilikuwa alama moja, kutoa badala ya kujumlisha,
mstari wa elfu mbili na kumi na tisa.
Nikacheka peke yangu saa nane za usiku,
ghorofa ya sita, Pipeline,
hadi jirani akagonga ukuta kwa kiatu.

Makokha ndiye mchoraji. Alinitumia sukuma wiki
yenye kijani cha namna tano
na mvuke wa chai ambao, alisema,
umemgharimu wikendi mbili na mpenzi mmoja.
Tulikuwa watatu. Wa tatu alipata kazi benki,
akatuachia muziki nusu:
ngoma inaanza, inafika kwenye kona, inanyamaza.
Tumeiacha hivyo. Wanaotujaribia wanadhani ni makusudi.

Wateja ndio shida.
Juzi mmoja, fundi wa rangi mwenye ovaroli ya buluu,
aliagiza ndengu, kisha akaingia ndani ya ukuta,
akabaki humo, mikono nje,
akidai ndengu zake.
Nilimwonea huruma kabla ya kumfuta.
Wengine sita walipanda juu ya meza
wakangoja kuhudumiwa, kwa adabu kabisa.

Jumanne stima ikapotea pamoja na kazi ya siku nzima.
Nikashuka.

Nzilani huuza madondo na chapo kando ya lango letu:
karai moja, majiko mawili, benchi lenye mguu wa tofali.
Nikampa simu. "Hebu cheza. Huyu ni wewe."
Akafuta mikono kwenye leso, akaishika simu kama yai.
Akachoma ya kwanza. Akachoma ya pili.
Kengele ikalia, nyota zikapungua,
mteja akawa mwekundu usoni, akaondoka.

"Huyu anaenda wapi?"
"Amekasirika. Umechelewa sekunde nne."
Akanitazama kama mtu aliyeona unywele kwenye mchuzi.
"Mwenye njaa haendi. Anakaa, analalamika,
anakupa habari zote za landilodi wake.
Na hizi nyota ni za nini? Watu wangu hawana nyota.
Wana kesho. Wakirudi kesho, basi nilipika."

Kisha, kidole kikitembea juu ya kioo,
kikitafuta kitu:
"Na deni linaandikwa wapi?"

Nilikuwa na miiko ya aina kumi na moja,
mvua inayonyesha kwa hesabu,
paka mwenye vivuli viwili.
Mahali pa kuandika deni sikuwa napo.
Akavuta daftari kutoka chini ya ndoo ya unga, akasoma:
Wa saluni, sitini. Mama Tindi, mayai mawili.
Ghorofa ya sita, mia mbili na kumi.

Ghorofa ya sita ni mimi.

Stima iliporudi nikaifuta saa.
Nikazifuta nyota, zote tano,
na ile ya mwisho niliitazama kidogo,
maana Makokha aliitilia mng'aro.
Sasa kuna daftari. Ukiligusa linafunguka;
ukurasa una doa la mafuta alilolichora bila kuombwa.
Mteja akikosa pesa, unaona vitufe viwili:
Kataa. Andika.
Ukiandika, unga unapungua, na hujui.
Wengine hurudi mwisho wa mwezi. Wengine huhama usiku.
Hesabu yake nimeificha mbali
hata mimi nisiikumbuke vizuri.

Kwa hiyo, anayeuliza tumefika wapi:
tumerudi nyuma.
Tulisema Aprili; sasa tunasema mvua zikiisha,
bila kutaja mvua zipi.
Chapati inageuka.
Fundi wa rangi bado huingia ukutani siku mojamoja.
Asubuhi nimelipa mia, imebaki mia na kumi.
Nzilani ameikata ile ya zamani kwa kalamu, ameandika mpya,
na kabla wino haujakauka
ameniuliza kama ninakula.