Kiganja cha Chausiku

Dada yangu Chausiku hasikii tangu surua ya utotoni,
na ndiye aliyenifundisha kusema.

Ni hapa Vingunguti, masika inanukia,
nami nimechaguliwa kumweleza mhandisi wa manispaa
habari ya mtaro ulioziba
na maji yanayolala nasi kitandani kila mwaka.
Karatasi ninayo. Hoja saba, zote nimezipigia mstari.
Nikasimama mbele ya cherehani yake, nikasoma.

Alinitazama mpaka mwisho, pini tatu mdomoni.
Akazitema kiganjani, akaniigiza:
mabega masikioni, kuku aliyenyeshewa,
macho yamezama karatasini,
mguu mmoja unamsugua mwenzake,
na mkono, huu wa kulia, unakuna shingo, unakuna, unakuna.
Kisha kwa vidole akaniuliza:
Unadaiwa?

Nilicheka. Sikupenda, lakini nilicheka.

Akachukua chaki ya kukatia vitambaa
akachora nyayo mbili sakafuni, upana wa mabega.
Simama humo. Usihame mpaka uwe na sababu ya kuhama.
Karatasi akaikunja, akaifungia kwenye droo ya vifungo.
Mikono yako, alisema kwa yake,
si mzigo umeshikishwa na mtu stendi;
ukisema maji yalifika hapa, nionyeshe hapa.
Nikaonyesha: juu kidogo ya goti, usawa wa godoro.
Hakuridhika. Akanishika kiwiko, akakipandisha
mpaka kifuani, pale ulipoelea mkoba wa shule wa Siwema.
Ndipo nikakumbuka nilichotaka kusema.

Na sauti je? Nilidhani hapo tutakwama.
Akaja nyuma yangu, akaweka kiganja mgongoni,
chini ya mbavu.
Sema.
Nikasema. Akatikisa kichwa: haijafika.
Nikapaza. Akanipiga kibao chepesi:
hiyo ya kooni, hiyo kelele, naiona kwenye mishipa ya shingo.
Vuta pumzi mpaka mkanda ukubane. Sasa.
"Majirani," nikasema, polepole,
na mgongo ukanguruma chini ya mkono wake
kama friji ya dukani kwa Mangi umeme ukirudi.

Hata kunyamaza alinifunza yeye:
sentensi ikiisha, iache itue,
usiikimbize na yaani, na kwa hiyo, na eee.

Siku yenyewe jenereta likazima, kipaza sauti kikafa.
Watu mia na ushee, viti vya plastiki,
mhandisi anachezea simu.
Nikatafuta nyayo zangu kwenye vumbi, hazipo;
nikajichorea kwa ncha ya kiatu.
Kule nyuma Chausiku kaegemeza kiganja
kwenye ukuta wa bati wa ofisi ya mtaa. Anasubiri.

Mkanda ukanibana.
"Majirani. Maji yalifika hapa."
Mkono ulipanda wenyewe.
Mhandisi akainua macho, lakini sikuwa naye;
nilikuwa na lile bati, na kiganja kile juu yake,
na kichwa kinachoinama mara moja, taratibu:
imefika.

Mtaro bado. Wamekuja na kamba, wamepima, wameondoka.
Nyayo za chaki zipo sakafuni, Chausiku hufagia kwa kuzizunguka.
Mteja akija kupimwa suti
humsimamisha humo humo,
amtazame kwanza, kabla ya futi.