Anayetazama Nyuma

Kwanza nilimvua koti.
Nje ni nyuzi kumi na moja chini ya sifuri
na mimi namvua mtoto koti,
kwa sababu koti nene huudanganya mkanda:
unauvuta, unakaza, unaridhika,
kumbe umefunga hewa na manyoya ya bata.
Sverre akarusha mateke, akajipinda.
Mtoto wa miaka mitatu asiyetaka kukaa
hana kiuno wala magoti,
ni ubao mmoja unaolia.
Nikamhonga zabibu kavu. Klak.
Blanketi juu yake.
Klak ya pili ilikuwa ya Jorunn, miezi minne,
aliyesinzia kabla sijapima
kidole kimoja, si viwili, kati ya mkanda na bega.

Baba alinimulikia vifungo kwa tochi.
Si msemaji. Alisema, "Matairi?"
Nikasema, "Ya misumari."
Akasema, "Haya."
Mama tulimzika Oktoba. Mezani kwake
siku hizi kuna kikombe kimoja, kimegeuzwa kifudifudi.
Nikawasha gari, nikaondoka bila kumtazama,
maana ningemtazama ningelizima.

Huku Norwei watoto husafiri kinyumenyume.
Viti vyao huupa usukani mgongo
mpaka shingo zikomae, miaka minne hivi.
Kwa hiyo mimi naona kinachokuja:
nguzo, theluji, macho ya kulungu kando ya lami.
Wao wanaona tulichokwisha kukipita.

Dakika ya kumi, kiatu kimeanguka.
Ya kumi na mbili, cha pili kimemfuata mwenzake.
Kisha, katika kioo kidogo nilichokifunga kitini,
naona mdomo wa Jorunn ukifunguka
kabla sauti haijanifikia.

"Mama, Babu anapunga mkono."
"Babu tumemwacha mbali, mpenzi."
Mkono wangu wa kulia unapapasa chupa,
unapata soksi, unapata ganda la ndizi.
Jorunn analia kwa irabu moja tu,
ndefu kama barabara yenyewe.
"Mama. Bado anapunga."
"Ndiyo," nikasema, "anapunga,"
kama mtu anayelipa deni kwa sarafu bandia.
Barabara ikaacha maji, ikaanza kupanda.

Kwenye kituo cha mafuta, Guri wa kaunta
aliichovya chupa katika jagi la maji ya chai
na hakutaka kulipwa.
Nilibadilisha nepi kwenye kiti cha mbele, mlango wazi,
makalio madogo yakifuka mvuke
kama viazi vilivyomenywa sasa hivi.
Dereva wa lori la samoni
alimkunjia Sverre uso mpaka akakubali.
Klak. Klak.

Tulifika saa sita usiku. Nikapiga simu.
"Tumefika, Baba."
Nikasikia kiti kikivutwa.
"Niliwaona mkizunguka ghuba," akasema.
"Gari likitoka hapa linaenda weee,
halafu linarudi ng'ambo, mkabala na nyumba,
kabla ya kile kilima.
Nilisimama nje na tochi.
Mama yako alikuwa anafanya hivyo
kila ulipoondoka.
Hukuwa unaiona?"

Miaka kumi na sita nimeipita njia ile.

Sikumjibu vizuri. Nilisema betri inaisha.
Nikarudi garini kumchukua Sverre,
shavu lake limechapwa mistari ya mkanda,
na kifungo kikagoma: zabibu imekwama ndani.
Nikaichokoa kwa kibanio cha nywele,
nikambeba, nikamlaza, nikarudi tena.
Kisha, jirani asije akaniona,
nilijikunja nyuma nikaweka kichwa
pale kichwa chake kilipokuwa,
nitazame dirisha la nyuma linaonyesha nini.

Lilionyesha gereji ya jirani,
na alama za matairi yetu
zikianza kufunikwa.